Likizo ya maabara na macho ya bibi

Agosti ni msimu wa kuvuna zabibu kwetu Buigiri, na kaka yangu alitegemea binti yake angerudi kutoka chuo kushika mkasi na wenzake. Badala yake binti akapiga simu: anaomba likizo yote abaki maabara. Halipwi. Chakula na nauli ni juu ya baba.

Mzazi mwenzangu, unajua simu ya namna hiyo inavyopokelewa. "Kuangalia damu miezi miwili, halafu?" Kaka alituma hela, shingo upande.

Maabara hiyo inachunguza kinga ya mwili. Wiki ya kwanza alijifunza kunyonya tone kwa pipeti bila mkono kutetemeka, na kuosha sahani za plastiki zenye vishimo 96. Ukiosha vibaya, majibu ya sahani nzima hayafai. Aliharibu mbili (baba yake hajaambiwa).

Walikuwa wanatafuta kingamwili za trakoma, ule ugonjwa tunaouita vikope. Tone la damu ya kidole cha mtoto, likikaushwa kwenye karatasi, linaweza kuonyesha kama mwili wake umewahi kukutana na bakteria wake. Watoto wadogo wengi wakikutwa hawana kingamwili hizo, ni dalili kwamba maambukizi yamepungua kijijini. Hapo jirani, Kongwa, utafiti wa vikope ni wa siku nyingi. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo kwamba kuwaosha watoto uso, pamoja na dawa ya macho, kulipunguza vikope vikali.

Lakini kilichomgusa ni kingine. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kinga yake mwenyewe, katika kupambana, huacha makovu ndani ya kope. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kwa ndani, nywele zikawa zinakwaruza jicho hadi linapofuka.

Mama yetu huzing'oa nywele hizo kwa kibano. Upasuaji ameukataa mara mbili, akisema ni uzee tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Umeninyima zabibu."

Mjukuu hakuhubiri. Alichukua pindo la khanga ya bibi, akalikunja kwa ndani, nyuzi zikamkwaruza kiganjani. Akamweleza kwa Kigogo. Bibi alikaa kimya kitambo.

"Wanashona kwa sindano?"

"Wanashona, bibi. Wanatia ganzi kwanza."

"Na wewe utakuwepo?"

Jumatatu walipanda basi la Dodoma mjini. Kaka naye alikwenda, mashada ya mwisho akayaacha shambani.