Sura ya Tano: Anayekupa ni Rafiki

Somo la dawa za kulevya katika shule zetu nyingi ni la siku moja. Anakuja afisa mwenye sare, wanafunzi wanapangwa uwanjani juani, wanaonyeshwa picha ya kijana aliyekonda kalala kando ya mtaro, kisha wanapaza sauti kwa pamoja kwamba hawatagusa kamwe. Mgeni anapewa soda na kuagwa kwa makofi. Jioni ileile, nyuma ya ukuta wa shule hiyohiyo, msokoto unapita mkono kwa mkono.

Wamarekani walilijaribu somo la aina hii kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles na idara ya shule za jiji hilo walianzisha mpango wa D.A.R.E., ambapo askari aliingia darasani kufundisha, na haukupita muda ukaenea nchi nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia wanafunzi kwa miaka kumi, haukuona tofauti ya maana kati ya waliopitia mpango huo na wenzao. Serikali yao ilijaribu pia matangazo. Kati ya 1998 na 2004 ilitumia takriban dola bilioni 1 kwenye televisheni na kwingineko, na tathmini ikaonyesha kwamba uvutaji wa bangi haukupungua. Tena kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya vijana walioyatazama sana matangazo yale walianza kuamini kuwa wenzao wote wanavuta, na wanaobaki nyuma ni wao.

Kwa nini juhudi zote hizo zilipotea? Sababu ninayoiona kubwa ni kwamba mtoto anafunzwa kumkataa mtu asiyekuwepo. Katika michezo ya kuigiza ya shuleni, pusha ni mtu mgeni mwenye miwani meusi anayevizia getini. Lakini pafu la kwanza halitoki kwa mgeni. Linatoka kwa binamu aliyekuja likizo, kwa kaka wa rafiki, kwa mchezaji mwenzake wa timu ya mtaa, yaani mtu anayempenda na anayetaka naye ampende. Mtoto huyu hajafundishwa neno hata moja la kumwambia binamu yake.

Na umri wenyewe unamsukuma. Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Waliwakalisha watu mbele ya kompyuta wacheze mchezo wa kuendesha gari na kuamua wasimame lini taa zinapobadilika. Vijana wa miaka 13 hadi 16, wakiwa peke yao, hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipoketi na marafiki wawili wanaowatazama, hatari walizojitia zilizidi maradufu, ilhali watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyejibu mtihani wake vizuri, akataja madhara yote ya bangi kwa mpangilio, hakuwa akidanganya. Alijibu akiwa peke yake. Kijiweni hayuko peke yake.

Sababu ya pili ni chumvi tunayoitia. Tunawaambia kwamba ukivuta bangi mara moja tu unarukwa na akili, na kwamba mirungi, sigara, pombe na heroini ni kitu kimoja. Kijana ana macho. Ana mjomba anayetafuna mirungi kila Ijumaa na Jumatatu yuko kazini. Siku anapogundua kwamba tuliongopa kuhusu bangi, anahitimisha kuwa tumeongopa pia kuhusu unga, na hapo ndipo tunapompoteza. Ukweli unatosha bila kuongezwa: watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba kati ya watu 10 wanaotumia bangi, 1 hivi huwa mraibu, lakini kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni 1 kati ya 6. Mwambie hivyohivyo. Mtoto wa kidato cha pili anajua hesabu za uwezekano kuliko tunavyomdhania, na atauliza mwenyewe kwa nini umri unaleta tofauti hiyo.

Jibu liko kwenye ubongo. Chakula kitamu, bao, kicheko cha rafiki, vyote huachilia kemikali iitwayo dopamini, ambayo humfundisha mtu kwamba jambo hili lirudiwe. Heroini na kokeni huachilia dopamini kwa wingi ambao hakuna chakula wala bao linaloufikia. Ubongo hujihami kwa kupunguza vipokezi vyake vya dopamini, kama mtu anayeishi ukuta kwa ukuta na baa na kujiziba masikio kwa pamba: muziki anaupunguza, lakini na mama yake akimwita jikoni hasikii. Ndiyo maana teja anaona chakula hakina ladha na watoto wake hawamfurahishi. Kiasi cha jana hakimtoshi, kete moja inakuwa mbili, na akikosa anapata arosto: mafua, miayo, maumivu ya mifupa, kuhara, usiku asilale. Mwanzoni alivuta apate raha. Sasa anavuta aweze kuinuka kitandani. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima kesho dhidi ya leo, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 14 anajifunza uraibu kabla breki hazijakamilika.

Sasa kukataa. Gilbert Botvin wa Chuo Kikuu cha Cornell alitengeneza mpango uliowafundisha watoto wa miaka 12 na 13 mambo ya kawaida kabisa: kupokea lawama, kuzungumza na mtu usiyemjua, kutuliza hasira, na kukataa bila kugombana. Vipindi vilikuwa 15 mwaka wa kwanza, 10 wa pili, 5 wa tatu. Matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka sita katika shule 56 za jimbo la New York, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba waliopata mafunzo kikamilifu walivuta na kulewa kidogo kuliko wenzao. Siri yake haikuwa kauli mbiu. Watoto walirudia maneno kwa midomo yao mpaka yakazoeleka.

Darasani fanya hivi. Wanafunzi watatu wawe upande wa wanaotoa, na waruhusiwe kubembeleza kwa lugha yao ya kweli: "Oya, pafu moja tu mwanangu, acha ushamba." "Unamwogopa mama?" Mmoja akatae. Mara ya kwanza wengi hutoa hotuba kuhusu mapafu na maisha ya baadaye, na darasa hucheka. Wacha wacheke, ndilo somo lenyewe, maana hotuba huwakaribisha wenzake wabishane naye. Mara ya pili ajaribu kwa ufupi: "Sivuti, mwanangu." Au "Mshua akinusa hii shati nimekwisha." Au abadili mada na kuinuka: "Njaa inaniuma, nani twende chipsi?" Kumsingizia baba si uoga, na mzazi mwenye busara humwambia mwanawe waziwazi kwamba jina lake litumike.

Mara ya tatu mpe mwenzake mmoja wa kukataa naye, na uangalie mabega yanavyoshuka. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili katika miaka ya 1950 kwa kuwauliza watu urefu wa mistari iliyochorwa kwenye kadi. Kundi zima likitoa jibu la uongo kwa makusudi, mtu alifuata kosa lao karibu theluthi ya nafasi. Akiwepo mmoja tu anayesema kweli, kufuata kulishuka hadi karibu nafasi 1 kati ya 20. Kabla ya safari ya shule au sherehe ya mtaani, basi, swali la kumuuliza mtoto ni hili: mtakataa na nani?

Ushuhuda wa walioacha unga nautilia shaka, ingawa wanaokuja kuutoa nawaheshimu. Mtoto anamwona mtu mtanashati, msemaji hodari, aliyevuta miaka mingi na bado yupo. Wale ambao hawapo hawaji shuleni.

Na yule aliyekwisha kuonja? Kumfukuza shule ni kumpeleka kijiweni siku nzima. Mshauri anayezungumza naye faragha hufanya kazi kubwa zaidi, na uraibu wa heroini una tiba: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011. Mweleze pia jambo ambalo walimu hulikwepa kwa kuogopa kuonekana wanaruhusu. Aliyeacha kwa wiki chache na kurudia kwa kiasi chake cha zamani anaweza kufa, kwa sababu mwili umeshasahau kukihimili. Na wanafunzi wote wajue: mwenzao akianguka, akikoroma kwa shida na midomo ikiwa rangi ya majivu, wasimkimbie na wasimnyweshe maji wala maziwa. Wamlaze ubavu, wamwite mtu mzima, wamfikishe hospitali, na waseme alichotumia, maana ipo dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya heroini ndani ya dakika chache, na daktari aliyeambiwa ni malaria hataitafuta.