Huduma ya Utengamao: Kutoka Taasisini Hadi Nyumbani

Mkazi wa Njisi, wilayani Kyela, yuko jirani zaidi na Malawi kuliko na hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Mpaka wa Kasumulu upo hapo hapo katani, kando ya Mto Songwe. Ilhali Jiji la Mbeya liko umbali unaozidi kilomita 100, kwa kupanda milima ya Rungwe kupitia Tukuyu. Mzazi anayembeba mgongoni mtoto asiyeweza kutembea huupima umbali huo kwa nauli, na kwa siku alizoliacha shamba la mpunga.

Hapo awali huduma ilikuwa ni taasisi, na mhitaji ndiye aliyeifuata. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Mafundi wa viungo bandia walifundishwa Moshi. Kazi yao ilikuwa njema, lakini ilimfikia yule aliyeweza kusafiri. Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengamao katika jamii, yaani mhudumu aende nyumbani na kumfundisha mama, ndugu na jirani namna ya kumkalisha, kumlisha na kumnyoosha viungo mtoto. Hapa nchini, Sheria Na. 3 ya mwaka 1982 iligawa wajibu wa matunzo kati ya familia, serikali za mitaa na serikali kuu, ingawa mzigo mkubwa uliendelea kubebwa na akina mama. CCBRT, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1994, iliuchukua mwelekeo huo wa kijamii hata katika jina lake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifuta ile ya 1982 na kuweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

Historia hii inamhusu mtumiaji wa leo kwa sababu mazoea ya zamani hayajaisha. Bado kuna hafla ambako viti vya magurudumu hugawiwa, picha hupigwa, na wafadhili huondoka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inaeleza kwamba kutoa kiti ni kazi yenye hatua nane, zikiwamo kumpima mtumiaji, kukirekebisha kiti kimtoshe, kumfundisha kukitumia, na kumfuatilia pamoja na matengenezo. Kiti kipana mno humpinda mtoto mgongo. Kisicho na mto unaofaa humletea vidonda vya mgandamizo asiyehisi miguu, na vidonda hivyo huweza kuua. Tena magurudumu membamba yaliyotengenezwa kwa sakafu ya hospitali hayafiki mbali katika matope ya masika ya Kyela.

Mguu kifundo nao hudai ufuatiliaji. Mtoto akianza tiba akiwa mchanga, plasta zinazobadilishwa kila wiki huunyoosha mguu, mara nyingi bila upasuaji mkubwa. Lakini baada ya hapo huvaa viatu maalumu, mwanzoni karibu muda wote na kisha usiku, hadi afikie umri wa takribani miaka minne. Familia nyingi hukomea kwenye plasta kwa kuwa mguu umekwisha kupendeza, nao hurudi kupinda.

Anayehitaji huduma aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye humpeleka kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Kabla ya kusaini fomu ya kupokea kifaa chochote, aulize ni nani atakayempima, kikivunjika kitatengenezwa wapi na kwa gharama ya nani, na mhudumu atarudi lini kumtazama. Majibu yaandikwe kwenye fomu hiyo hiyo, na nakala yake ibaki nyumbani. Kisichomtosha akirudishe bila haya, hata kama amepewa bure.