Refa hakukosa penalti tatu: Ubishi usioisha Kiomboi

KIOMBOI. Ukitaka kuona chai inapoa mezani Kiomboi, taja vitu viwili tu: shuti la Stephane Aziz Ki kule Pretoria na goli la Steven Mukwala lililokataliwa Zanzibar. Ukishavitaja, vuta kiti usikilize.

Mji huu ndio makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, unakata kona pale Misigiri ndipo unaufikia. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko mbali, hivyo kwa wengi mechi kubwa za Afrika zinaonekana kwenye kioo cha banda umiza. Zikiisha, zinahamia kijiwe cha bodaboda, kwa fundi cherehani, na msimu wa alizeti zinafika mpaka shambani.

Ubishi wenyewe unafahamika. Timu ya Tanzania ikitolewa, kuna kundi linalosema refa ameiua. Kuna kundi jingine, dogo lakini bishi, linalosema timu ilikuwa imeshajiua kabla refa hajapuliza. Makundi yote mawili yana hoja, na hapo ndipo utamu ulipo.

SHUTI LA PRETORIA

Tuanze na kidonda cha Wananchi. Machi 30, 2024 Yanga ilitoka suluhu 0-0 na Mamelodi Sundowns kwa Mkapa, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ijumaa ya Aprili 5, 2024 zikarudiana Loftus Versfeld, Pretoria.

Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia shuti la mbali, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini na kutoka. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono wakidai goli. Refa Dahane Beida wa Mauritania akaacha mchezo uendelee, na VAR haikubadilisha kitu. Dakika 90 zikaisha 0-0, zikaja penalti, Sundowns ikashinda 3-2.

Shabiki wa Yanga wa Kiomboi atakuambia mpira ulivuka, tena atachora mstari kwenye vumbi kwa kijiti akuonyeshe. Mwenzake wa Simba atamjibu: "Kaka, hiyo ni milimita ya kwenye simu yako." Picha za tukio zilisambaa sana, na kwa macho ya wengi mpira ulionekana umeingia.

Tatizo ni kwamba sheria haiangalii ulivyoonekana. Inataka mpira mzima uwe umevuka mstari mzima, uwe chini au hewani. Ukibaki unagusa mstari hata kwa upande mdogo, sio goli. Halafu kuna suala la kamera. Kamera isiyokaa sambamba kabisa na mstari wa goli inadanganya: ikiwa mbele kidogo inaonyesha hivi, ikiwa nyuma kidogo inaonyesha vile. VAR nayo haibadilishi uamuzi bila ushahidi ulio wazi. Ndiyo maana ligi kubwa za Ulaya kama ya England zikaweka mtambo maalumu wa mstari wa goli, unaomtetemeshea refa saa mkononi mpira ukivuka.

Kwa hiyo shabiki wa Yanga ana haki ya kuumia. Mechi ya ngazi ile kuamuliwa kwa kubahatisha pembe ya kamera ni jambo la kuuma.

Lakini lile kundi dogo lina swali moja ambalo huwa linanyamazisha kijiwe kwa dakika mbili hivi. Kwenye penalti, mikwaju ya Aziz Ki, Dickson Job na Ibrahim Hamad 'Bacca' haikuingia. Refa hakukosa penalti tatu.

Na kabla ya penalti kulikuwa na dakika 90 za Mkapa bila goli. Sundowns ya Rulani Mokwena ilikuja na staili yake ya kupiga pasi nyingi na kukaa na mpira, Yanga ya Miguel Gamondi ikakubali kukaba na kusubiri kushambulia kwa kushtukiza. Wapo wanaoona ilikuwa akili kubwa, maana huwezi kufunguka ovyo mbele ya timu ile. Wapo wanaosema ukimwacha Sundowns atoke kwako bila kufungwa, umempa zawadi ya kumalizia kwake.

HESABU ZA MECHI MBILI

Hapa ndipo Kiomboi inapotofautiana kidogo na ubishi wa kawaida wa Simba na Yanga. Mechi ya mtoano ya nyumbani na ugenini ni mechi moja ya dakika 180. Kosa la dakika ya 10 ya mechi ya kwanza linaweza kudaiwa dakika ya 170.

Mfano usio na refa ndani yake ni fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Mei 28 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger hapa nyumbani, goli lake likifungwa na Fiston Mayele. Juni 3 ikaenda Algiers ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa sababu Waarabu walipata magoli mawili ugenini, Yanga ikapata moja.

Yanga ilienda Algeria, ikashinda, na ikarudi bila kombe. Pale hakuna wa kumtukana zaidi ya yale magoli mawili iliyoruhusu kwa Mkapa.

AMAAN NA GOLI LA MUKWALA

Zamu ya Mnyama ikaja mwaka jana yake ya pili. Fainali ya Shirikisho, Mei 17, 2025, Simba ya Fadlu Davids ilikwenda Berkane, Morocco, na ndani ya robo saa ya kwanza ikawa imeshafungwa mawili, na Mamadou Camara na Oussama Lamlioui. Mechi ikaisha 2-0.

Marudiano yakapigwa Mei 25 Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar, baada ya CAF kuukataa uwanja wa Mkapa kutokana na hali ya eneo la kuchezea. Joshua Mutale akafunga mapema, dakika ya 17, na Tanzania nzima ikaanza kuota. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma akaonyeshwa kadi nyekundu. Pamoja na kuwa pungufu, Mukwala akatikisa nyavu, VAR ikaangalia, ikasema ameotea. Dakika za nyongeza Soumaila Sidibe akasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco.

Kwa shabiki wa Simba, kadi ile na goli lile ndiyo fainali nzima. Na safari hii ni shabiki wa Yanga anayesema mstari wa VAR haudanganyi, yule yule ambaye kwa Pretoria haamini kamera hata moja! Ndiyo mpira ulivyo: macho ya shabiki yana rangi.

Ila toa rangi, hesabu inabaki pale pale. Simba iliingia Amaan ikiwa na deni la magoli mawili, lililotengenezwa na robo saa moja ya kule Berkane. Mjadala wa kweli wa fainali ile ulitakiwa kuwa huo: kwa nini timu iliingia mchezoni ikiwa imechelewa, na nani alitakiwa kuzima moto mapema pale katikati. Goli la Mukwala limeumeza.

HATA WAKUBWA YAMEWAKUTA

Wanaodhani haya ni ya kwetu tu wakumbuke Juni 27, 2010, Bloemfontein, nchi ile ile ya Afrika Kusini. Kombe la Dunia, England ikiwa nyuma 2-1 mbele ya Ujerumani, Frank Lampard alipiga shuti likagonga mwamba na kudunda ndani ya goli kabisa, sio kwa milimita. Refa akapeta.

Dunia ilipiga kelele, na kelele zile zilizaa matunda: mwaka 2012 sheria ikaruhusu mtambo wa mstari wa goli, na mwaka 2014 ukatumika Kombe la Dunia kule Brazil. Lakini England ilifungwa 4-1 siku ile. Kipindi cha pili ilipanda yote kutafuta goli, ikaachia uwanja wazi nyuma, Thomas Mueller akaiadhibu mara mbili ndani ya dakika chache. Refa alikosea, na timu nayo ilikosea. Moja halifuti jingine.

KRIKETI WAMEJIPANGA

Kuna mchezo ambao ubishi wa aina hii umetafutiwa dawa muda mrefu. Ni kriketi. Tanzania haina mashabiki wengi wa kriketi, ingawa mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la mchezo huo kule England.

Mechi zao kubwa za Test zinachezwa mpaka siku tano, tena kwa mfululizo wa mechi kadhaa. Kosa moja la mwamuzi linaweza kuharibu wiki nzima. Walichofanya, tangu mwaka 2009 wakampa nahodha haki ya kupinga uamuzi. Ana sekunde 15 tu za kuamua, na timu ina idadi maalumu ya nafasi. Ukipinga ukakosea, nafasi imekwenda. Ukipatia, unabaki nayo. Na mtambo ukiona tukio ni la kugawanyika kidogo sana, uamuzi wa mwamuzi wa uwanjani unasimama.

Maana yake malalamiko yamekuwa sehemu ya mbinu. Nahodha akizimaliza nafasi zake kwa hasira, halafu akaja kuonewa kweli, atajilaumu mwenyewe.

Soka nalo limeanza kunusa njia hiyo. Mwaka 2024, kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia, FIFA ilijaribu mfumo ambao kocha anapewa nafasi mbili za kuomba refa aangalie marudio. Hauhitaji chumba cha VAR wala kamera nyingi, hivyo umelengwa kwa mashindano yasiyo na fedha za VAR kamili. Kwa ligi zetu, huo ni mjadala wenye faida kuliko kuchora mstari kwenye vumbi.

FILIMBI YA MCHANGANI

Kwa nini yote haya ni muhimu kwa mji kama Kiomboi? Kwa sababu Dahane Beida hasikii matusi ya banda umiza. Anayeyasikia ni yule kijana anayechezesha mechi ya kata Jumapili jioni, hana VAR, hana mwamuzi wa akiba, na wakati mwingine mshika kibendera wake ni shabiki wa timu mojawapo. Uwanja hauna uzio. Mechi ikiisha anarudi nyumbani kwa njia ile ile wanayopita waliofungwa.

Shabiki aliyezoea kuamini kila kipigo ni hujuma anakwenda na imani hiyo mpaka mchangani. Kule, mtu anayemwita mwizi ni jirani yake. Kijana mwenye filimbi akitishwa mara mbili, mara ya tatu haji, na bila yeye hakuna mechi ya kata, wala hakuna dogo wa Iramba wa kuonekana na Singida Black Stars au timu nyingine yoyote ya Ligi Kuu.

Hakuna anayesema mashabiki wakae kimya. Refa akikosea asemwe, na Yanga na Simba zina haki ya kudai mitambo bora kwenye mechi zao. Ila anayetaka kubishana Kiomboi siku hizi ajiandae kujibu maswali mawili badala ya moja. La kwanza, refa alifanya nini dakika ile? La pili, timu yako ilifanya nini dakika nyingine zote 179?