Mto Haubebi Udongo Sawasawa Kila Siku

Mkulima wa bondeni kule Kawangware akitazama kijito mwezi wa Februari huona maji kidogo tu, hata changarawe haisogei. Mvua za masika zikianza, kijito hicho hicho hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na usiku mmoja wa mvua huweza kuchukua udongo mwingi kuliko kiangazi kizima. Sababu ni mwendo wa maji: yakienda kasi mara mbili, kwa hesabu huweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64. Tena mvua za kwanza ndizo mwizi mkubwa, maana hukuta shamba limelimwa na halina majani.

Udongo huo huenda wapi? Tazameni Bwawa la Nairobi, chini ya Kibera, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Mto Motoine huingia humo, hutoka ukiitwa Mto Ngong. Maji yakifika bwawani hutulia, na yakitulia hutua mzigo. Miaka ilivyopita bwawa lilijaa tope na gugu maji, hata mpita njia aliona majani mabichi tu. (Taka za mji nazo zimo, si udongo peke yake.)

Basi mwenye shamba kandokando ya mto asilime mpaka ukingoni. Kabla ya Machi apande ukanda wa majani ya napia. Hupunguza kasi ya maji, na udongo hubaki kwake.