Kusikiliza Ardhi Kutoka Bariadi (2): Shimo, Zege na Sungusungu

Wiki iliyopita tuliona jinsi Bonde la Ufa linavyopita pande mbili za nchi yetu, Tanzania: mkono mmoja unashuka kwa Natron, Manyara na Eyasi, mwingine unafuata Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Simiyu umebaki katikati, juu ya miamba ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kama matetemeko makubwa yako Rukwa, Mbulu na Kagera, kwa nini mtu ahangaike kufukia kipima tetemeko Bariadi, mkoani humo?

Kwa sababu chombo hiki hakitafuti penye kishindo, kinatafuta penye utulivu. Septemba 10, 2016, ardhi ya Kagera ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9, chanzo kilikuwa zaidi ya kilometa 300 kutoka Bariadi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya ardhi. Ya kwanza husukuma na kuvuta, nayo yana mbio. Ya pili hutikisa kwa kukingama, nayo huchelewa. Kwa umbali ule yanapishana kwa sekunde 40 hivi, na kila sekunde ya kupishana ni takriban kilometa 8. Lakini umbali hauonyeshi upande. Kituo kimoja kinakupa duara, cha pili kinakuachia sehemu mbili za kubahatisha, cha tatu ndicho kinachomaliza ubishi. Kagera ikitikisika, au Eyasi, Simiyu ni mahali pazuri mno pa kuweka mojawapo ya hivyo vitatu.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza kwa kuchagua ardhi, na hapo mkulima wa Kisukuma anajua mengi kuliko mgeni mwenye kompyuta. Mbuga, ule udongo mweusi wa tambarare, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ukiweka chombo humo kitainama, na kuinama kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, kunaharibu vipimo vya mlalo. Udongo wa itogolo nao hutuamisha maji. Tafuta luseni, kichanga cha chini ya vilima, uchimbe mpaka ukutane na jabali lenyewe.

Shimo la kina cha meta moja au zaidi linatosha. Chini unamwaga zege lishikamane na mwamba, unasimika pipa la plastiki, unasubiri zege likauke sawasawa. Chombo chenyewe si kikubwa, kinaingia kwenye sufuria ya kupikia ugali wa familia. Kina miguu mitatu ya kuzungusha. Fundi anapiga magoti, anaingiza kichwa ndani ya pipa na kuzungusha mguu mmoja mmoja hadi povu la pima maji litulie katikati. Kisha anakielekeza kaskazini halisi. Akitumia dira, asiwe na nondo wala jembe karibu, maana chuma huivuta sindano. Mwisho anafunika pipa na kulifukia, ili joto la mchana na baridi ya usiku visikisumbue. Hapo mtu mmoja huruka juu na kutua kwa kishindo pembeni, mwenzake akitazama kama mstari unaochorwa na chombo umeshtuka.

Juu ya ardhi hubaki paneli ya sola, betri, sanduku la kuhifadhi data na antena ya kupokea saa ya setilaiti. Wengi huidharau saa hiyo, nami naiona ndiyo roho ya kituo: ikikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde, lile wimbi la kwanza limeshakwenda zaidi ya nusu kilometa.

Maadui ni wengi. Panya hutafuna waya, mchwa hupanda popote. Mashine za kusaga, barabara ya malori ya pamba na miti mikubwa inayoyumbishwa na upepo vyote vinaandikwa kwenye mchoro. Hata mawimbi ya Bahari ya Hindi huonekana humo, yakivuma bila kukoma. Tena migodi ya Kanda ya Ziwa hupasua miamba kwa baruti, na mlipuko ukiwa mbali hufanana na tetemeko dogo. Dalili zake ni kwamba hutokea mchana, mahali palepale, na husukuma nje pande zote.

Kusimika vituo hivi si jambo la kinadharia. Mwaka 1994 hadi 1995, watafiti wakiongozwa na Andrew Nyblade wa Marekani walisimika vituo 20 vilivyokatiza Tanzania. Ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba miamba migumu ya katikati ya nchi ina mzizi unaoshuka takriban kilometa 200.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni mwizi wa paneli. Seng'enge haimzuii, anayemzuia ni jirani. Kwa Wasukuma, walio miongoni mwa walioanzisha ulinzi wa jadi wa sungusungu miaka ya 1980, hilo si geni, lakini sungusungu hawalindi wasichokijua. Katika wilaya ya Bariadi, yenye nikeli ya Dutwa, si ajabu mwanakijiji kudhani shimo lile ni la kutafuta madini. Mtafiti apite kwanza kwenye mkutano wa kijiji, afungue sanduku, aonyeshe.

Walimu wa sekondari za Simiyu, ombeni vituo hivi viwekwe kwenye maeneo ya shule zenu, penye mwamba na mlinzi. Na wewe msomaji, ardhi ikitikisika, ukishakuwa salama andika saa na mahali ulipokuwa, upeleke taarifa kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.