MTIHANI WA KEMIA WA KIDATO CHA NNE: NAMNA YA KUJITAYARISHA

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Novemba, wanafunzi wa Kidato cha Nne wa Unguja na Pemba hufanya, pamoja na wenzao wa Tanzania Bara, mtihani wa taifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miongoni mwa masomo ya mtihani huo, Kemia ni somo linaloogopwa na wengi, na wapo wanaoliacha mara tu wanaporuhusiwa kuchagua masomo baada ya Kidato cha Pili. Uamuzi huo hufikiwa na kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita, pengine bila ya mzazi wake kujua, nao humfungia milango ya udaktari, ufamasia, uuguzi, ukaguzi wa maji na kazi za maabara. Hizo ni kazi ambazo hospitali na taasisi za Visiwa hivi zinazihitaji.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mtahiniwa, mzazi na skuli wanaweza kuyafanya ili hofu hiyo ipungue na matokeo yawe bora.

MTIHANI UNAPIMA NINI

Mtihani una sehemu mbili: karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo inayofanyika maabara. Katika upangaji wa madaraja, A huanzia alama 75, B alama 65, C alama 45 na D alama 30. Chini ya hapo ni F. Mwanafunzi anayetaka kuendelea na mchepuo wa sayansi katika Kidato cha Tano anapaswa kulenga C au zaidi, kwani D, ijapokuwa inahesabiwa kuwa ni kufaulu, haimsaidii sana katika ushindani wa nafasi hizo.

Aidha, Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo hueleza kila swali lilitaka nini, na wapi watahiniwa walipotea. Zinapatikana bila ya malipo katika tovuti ya Baraza, na ni vyema kila mwalimu wa Kemia azisome pamoja na wanafunzi wake kabla ya kununua kitabu chochote cha majibu kinachouzwa mitaani.

JIWE MOJA, MADA NYINGI

Wanafunzi wengi huisoma Kemia kama orodha ya mambo ya kukariri. Njia iliyo bora ni kuifuata mada moja kutoka kitu kinachojulikana. Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Visiwani ni jiwe la matumbawe ambalo huchomwa katika tanuri la chokaa.

Sehemu kubwa ya jiwe hilo ni kaboneti ya kalsiamu. Likipata moto mkali huvunjika na kuwa oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa isiyozimwa, pamoja na hewa ya kaboni dayoksidi. Kilo 100 za kaboneti safi hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa hiyo. Jumla haikupungua wala kuzidi. Hapo mwanafunzi amekwishajifunza mtengano kwa joto na kanuni ya kuhifadhika kwa tungamo.

Chokaa ikizimwa kwa maji huchemka na kuwa hidroksidi ya kalsiamu. Huo ni mmenyuko unaotoa joto. Fundi anapoipaka ukutani, chokaa hiyo hufyonza kaboni dayoksidi iliyomo hewani na polepole hurudia kuwa kaboneti. Hii ndiyo sababu kuta za kale za Mji Mkongwe zimekuwa ngumu kama jiwe.

Maji ya chokaa ya maabara hubadilika kuwa kama maziwa yakipitishiwa kaboni dayoksidi kwa sababu hiyo hiyo. Hewa ikiendelea kupitishwa, weupe hutoweka, kwani kaboneti imegeuka bikaboneti inayoyeyuka. Mvua inayopita katika ardhi ya mawe ya chokaa hufanya kazi hiyo hiyo, na matokeo yake ni maji magumu ya visima, ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi. Yakichemshwa, kaboneti hurudi na kuganda ndani ya birika. Kwa hiyo ukoko mweupe wa birika, kisima, ukuta na tanuri vimefungamana katika mlolongo mmoja wa milinganyo, na mwanafunzi aliyeuelewa hahitaji kuikariri milinganyo hiyo mmoja mmoja.

HESABU ZA MOLI

Hakuna sehemu inayowaangusha watahiniwa kuliko hesabu za moli, na mara nyingi kosa huwa ni dogo. Tuseme mtahiniwa amepewa sentimita za ujazo 25.00 za hidroksidi ya sodiamu, na asidi ya hidrokloriki ya ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Baada ya jaribio la kukisia, amepata ujazo wa asidi wa 22.50, 22.40 na 22.60. Wastani wake ni 22.50.

Kwanza hutafutwa moli za asidi: 0.1 mara 22.50, kugawa kwa 1000, ni 0.00225. Pili huangaliwa mlinganyo uliosawazishwa. Hapa moli moja ya asidi hutosheleza moli moja ya hidroksidi. Tatu, moli hizo 0.00225 zimo katika sentimita za ujazo 25.00, hivyo ukolezi ni moli 0.09 kwa lita. Kwa kuwa moli moja ya hidroksidi ya sodiamu ina gramu 40, lita moja ina gramu 3.6.

Sasa asidi ikibadilishwa ikawa ya salfuriki yenye ukolezi ule ule na ujazo ule ule, moli moja hutosheleza moli mbili za hidroksidi, na jibu huwa moli 0.18 kwa lita, sawa na gramu 7.2. Mtahiniwa asiyesawazisha mlinganyo atapata nusu ya jibu sahihi, japokuwa hesabu zake nyengine zote hazina kasoro. Kwa ajili hiyo, mlinganyo uandikwe kabla ya tarakimu yoyote, na kila hatua ionekane, kwani kazi iliyoonyeshwa vizuri huweza kupata alama hata pale jibu la mwisho lilipokosewa.

KARATASI YA VITENDO

Bureti husuuzwa kwa asidi itakayotiwa ndani yake, na pipeti kwa alkali itakayopimwa. Lakini chupa ya koni husuuzwa kwa maji peke yake. Sababu ni kwamba maji yaliyobaki katika bureti au pipeti huzimua myeyusho, ilhali maji yaliyomo katika chupa hayabadilishi idadi ya moli zilizokwishapimwa. Usomaji wa bureti uwe kwa jicho lililo sambamba na kitako cha mviringo wa maji, na uandikwe kwa tarakimu mbili baada ya nukta.

Katika kutambua chumvi, zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe kwa hidroksidi ya sodiamu, na yote huyeyuka ikizidishwa. Kinachozitenganisha ni myeyusho wa amonia: mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hayayeyuki. Risasi nayo hujulikana kwa mashapo ya manjano inapokutana na iodidi ya potasiamu. Mtahiniwa aandike kwanza alichokiona, kisha hitimisho. Asiligeuze hitimisho kuwa ndilo alilolishuhudia.

Ni wajibu wa uongozi wa skuli kuhakikisha kwamba mtahiniwa hashiki bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Skuli ambayo maabara yake haijakamilika yafaa ipange mapema na skuli jirani, na si wiki ya mwisho. Aidha, wanafunzi wakumbushwe daima kwamba asidi ndiyo inayotiwa katika maji, na kamwe si maji katika asidi, na kwamba kemikali za maabara hazichukuliwi nyumbani.

LUGHA YA MTIHANI

Karatasi ya Kemia huandikwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Wapo wanafunzi wanaoijua Kemia lakini wakashindwa na neno. Kutaja, kueleza, kulinganisha na kukokotoa ni amri nne tofauti. Aliyetakiwa kueleza akataja tu, hupoteza alama. Vile vile, myeyusho unaopenyesha mwanga si lazima uwe hauna rangi: ule wa salfati ya shaba ni angavu na ni wa buluu. Inashauriwa kila mwanafunzi awe na daftari dogo la maneno ya namna hii, aandike maana yake kwa Kiswahili, na ayatumie katika sentensi za Kiingereza alizozitunga mwenyewe.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mzazi hahitaji kuijua Kemia ili amsaidie mtoto wake. Anaweza kumpa saa moja kila siku isiyo na kazi za nyumbani wala simu, mahali penye mwanga. Katika saa hiyo mwanafunzi afunge kitabu, aandike anayoyakumbuka, kisha afungue na kusahihisha. Mada iliyosomwa leo irejewe baada ya siku chache, na tena baada ya wiki kadhaa, kwani kuisoma mara nyingi kwa usiku mmoja hakudumu. Kila mwisho wa wiki afanye mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa kufuata saa.

Mzazi anaweza pia kumwomba mtoto amweleze kwa Kiswahili, kwa mfano, kwa nini birika limeota ukoko. Akieleza vizuri, ameelewa. Akikwama, mada hiyo ipelekwe kwa mwalimu kesho yake. Kwa wazazi ambao watoto wao wamo Kidato cha Pili, wanashauriwa kuonana na mwalimu wa somo kabla ya fomu ya kuchagua masomo haijajazwa.