Taa Iwakayo Yenyewe Uani

Siku hizi katika nyumba nyingi za mjini, na hata za shamba, twaona ile taa ya nje isiyongoja mtu abonyeze swichi. Mtu apitapo mbele yake usiku huwaka, naye akiisha kupita huzimika baada ya kitambo. Ni kitu chema kwa bibi mzee aendaye chooni gizani, na kwa baba arudiye na baiskeli yake saa tatu za usiku, maana nyoka aliyelala mlangoni huonekana kabla hajakanyagwa. Lakini walio nayo wajua ya kuwa taa hii ina ukaidi wake. Mara huwaka hali hapana mtu. Mara mtu hupita na kurudi na kupunga mikono kama mwendawazimu, isiwake.

Hilo la kwanza lina hatari kuliko lidhaniwavyo. Taa ikiwaka saa nane za usiku, watu wakachungulia dirishani wasione mtu, kesho yake huanza minong'ono ya kwamba wachawi walikuwa uani. Kisha maneno hayo hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia mwanamke mzee akaaye peke yake jirani. Katika Tanzania wako wanawake wazee waliouawa kwa shuku ya uchawi, wala si habari za kale tu. Kwa hiyo twaona yafaa wenye nyumba na walimu wajue hasa jicho la taa hii huona nini, wapate kuwajibu watu kwa mambo ya hakika.

Jicho hilo, ambalo mafundi huliita sensa, halioni kama macho yetu. Kila kitu chenye joto hutoa miali isiyoonekana, iitwayo infraredi: mtu hutoa, mbuzi hutoa, na jiwe lililoota jua hutoa. Ndani ya taa mna kipande kidogo ambacho, miali hiyo ikibadilika ghafula juu yake, hutoa umeme hafifu mno, na huo ndio uamuruo taa iwake. Kile kifuniko cheupe cha plastiki kilicho mbele si pambo. Ni lenzi iliyokatwa kwa namna aliyoitumia Augustin Fresnel, Mfaransa, katika taa za minara ya kuongozea meli miaka ya 1820. Kila kipande cha lenzi hutazama upande wake. Basi ni kama ua wote umegawanywa vishamba, na mtu avukaye kutoka kishamba kimoja kwenda cha pili ndiye ahisiwaye.

Hapo ndipo yatokapo mengi. Mtu akatizaye mbele ya taa huhisiwa mara, lakini ajaye moja kwa moja kuielekea huhisiwa kwa shida. Taa isiyowaka mpaka mtu awe chini yake yaweza kuwa nzima kabisa, ila imefungwa mwisho wa njia. Ihamishwe ubavuni mwa njia, juu kiasi cha meta 2 hadi 3. Tena huko pwani, jioni za Februari, hewa na kuta zikiwa na joto lililokaribia la ngozi ya mtu, jicho huona hafifu, maana tofauti ni ndogo.

Na je, huwashwa na nini pasipo mtu? Na paka. Na majani ya mgomba yaliyopata joto yakipeperushwa na upepo. Na jiko la mkaa lililoachwa uani, au pikipiki iliyozimwa sasa hivi. Lakini mkosaji tumwonaye mara nyingi ni mjusi kafiri, afuataye wadudu walioitwa na mwanga. Akitembea juu ya lenzi yenyewe, kwa jicho lililo karibu naye hivyo yeye ni mkubwa kama ng'ombe. Buibui naye ni hivyo hivyo. Futa lenzi na utando wake kwa kitambaa laini kila mwezi, na kata matawi yaliyo mbele. Ikiwa upande mmoja waelekea njia ya jirani, bandika utepe mweusi juu ya sehemu hiyo ya lenzi, na ugomvi utakwisha.

Ziko pia taa zitumiazo mawimbi ya redio badala ya joto. Hizo huhisi mwendo hata nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao, kwa hiyo mtu atembeaye chumbani mwake huiwasha taa ya nje bila kujua.

Taa ikikataa kuwaka, iangalie kabla ya kuinunulia nyingine. Chini yake, kwa kawaida, mna vidude vya kuzungusha kwa bisibisi, vyenye maandishi SENS, TIME na LUX: ukali wa jicho, muda wa kuwaka, na kiasi cha giza. Zungusha LUX mpaka penye alama ya jua, TIME iwe fupi kabisa, kisha ngoja kama dakika moja jicho litulie, upite mbele yake mchana. Ikiwaka, ni nzima; mpangilio tu ndio uliokosewa. Iwakayo na kuzimika bila kukoma usiku, mara nyingi hurudishiwa mwanga wake mwenyewe na ukuta mweupe, ikadhani kumekucha. Na iwakayo usiku kucha baada ya umeme kukatika na kurudi upesi, izime swichini nusu dakika, maana nyingi zimeundwa hivyo: kuzima na kuwasha haraka ni amri ya kutozimika. Kufungua waya ni kazi ya fundi, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Za sola zina yake. Mpya ianikwe juani siku mbili kwanza. Paneli ikiwa na vumbi, au kivuli cha mwembe, taa hufa usiku wa manane. Ukitaka kuijaribu mchana, funika paneli kwa kitambaa, kwa kuwa nyingi hujua usiku kwa paneli hiyo hiyo. Betri ikiisha kuchakaa, haina dawa ila kubadilishwa.

Na mwalimu atakaye kuwaonyesha watu, na afanye hivi usiku kwa ile taa ya joto. Mtu mmoja asimame nyuma ya kioo cha dirisha kilichofungwa, apunge mikono. Watu wote watamwona, na taa haitamwona, kwa sababu kioo huzuia miali ya joto la mwili. Kisha atoke nje, akatize mbele yake.